Nani Ana Ufunguo wa Mlango wa Nyuma?

Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu fedha, hatari na sheria katika shughuli, kwa kamati za harusi, waandaaji wa matamasha na yeyote anayekusanya watu

Saa mbili na nusu usiku ukumbi umeshajaa. Mlango wa mbele wamesimama vijana wawili wa kamati wanakagua kadi. Mlango wa nyuma, ule unaotokea jikoni, umefungwa kwa kufuli. Kamati iliamua hivyo katika kikao cha mwisho: sahani zimehesabiwa, wazamiaji wako wengi, na kila mzamiaji anakula sahani ya mtu aliyechanga. Ufunguo amekabidhiwa shangazi wa bwana harusi kwa kuwa ndiye anayeaminika. Shangazi yuko kwenye msafara, ameenda saluni kumchukua bibi harusi.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Kufuli lile limefungwa kwa ajili ya fedha. Moto ukiwaka jikoni, kufuli hilo hilo linakuwa hatari, na mtu akifia nyuma ya mlango linakuwa kesi. Kamati nyingi humpa mweka hazina fedha, humpa ulinzi mjomba aliyewahi kuwa mgambo, na mambo ya sheria hawampi mtu yeyote. Kijitabu hiki kinayazungumzia yote matatu kwa pamoja, kwa sababu mlangoni hukutana.

Sheria zinazotajwa humu ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na ofisi zake, zikiwemo BASSFU kwa sanaa na COSOZA kwa hakimiliki, ila mambo ya fedha na ya msongamano hayabadiliki ukivuka bahari. Hesabu tulizotumia ni za kufundishia. Bei wekeni za kwenu.

AHADI SI FEDHA

Kamati ya harusi huanza na daftari la ahadi. Mtu anasimama kikaoni, anataja kiasi, anapigiwa makofi. Makofi hayo yana gharama yake. Mtu hutaja kiasi kinacholingana na heshima yake mbele ya wakwe, si kinacholingana na mfuko wake, na katibu huandika vilevile. Mwisho wa kikao mwenyekiti anasoma jumla, watu wanafurahi, na tangu siku hiyo kamati inatembea kana kwamba jumla ile iko benki.

Chukua kamati ya mfano yenye wageni 300. Chakula na vinywaji ni shilingi 25,000 kwa mgeni, yaani 7,500,000. Kisha ziko gharama zisizojali wageni wangapi wamekuja: ukumbi 2,500,000, mapambo 2,000,000, muziki na mshereheshaji 1,500,000, picha na video 1,500,000, halafu keki, magari, kadi na mengineyo 1,500,000. Hizo ni 9,000,000. Jumla inafika 16,500,000, na ukiongeza asilimia 10 ya dharura unapata 18,150,000. Daftari la ahadi linasema 20,000,000. Kamati inalala usingizi mnono.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, zilizoingia ni 11,000,000. Toa zile 9,000,000 ambazo zitalipwa hata akija mgeni mmoja. Zinabaki 2,000,000, ambazo kwa 25,000 kwa kichwa ni sahani 80. Kadi 300 zimeshagawiwa, na fedha zilizopo zinalisha watu 80.

Madhara mengi ya shughuli huanzia hapa, kimyakimya. Mpishi anaambiwa apunguze. Walinzi sita wanakuwa wawili. Kibali kinaachwa, "tutaongea nao hapo hapo". Mwenyekiti anakopa kwa riba bila kumwambia mkewe. Mlango wa nyuma unafungwa. Ukimuuliza mjumbe mmoja mmoja, kila mmoja atakwambia alikuwa anaokoa shughuli.

Ushauri wetu ni kuweka hesabu mbili mbele ya kikao, bega kwa bega: ya ahadi na ya zilizoingia. Ahadi zitumike kupangia ndoto, lakini mkataba wowote usainiwe kwa kutazama zilizoingia peke yake. Siku ya mwisho ya kupokea michango iwe mwezi mmoja kabla, na kadi za mwaliko zichapwe baada ya siku hiyo, si kabla. Fedha zikipelea, punguzeni wageni kwanza. Kutoka wageni 300 hadi 220 mnaokoa 2,000,000, na ukumbi unapumua. Mkikata mapambo nusu mnaokoa 1,000,000, na watu ni wale wale 300, kwenye milango ile ile.

Tunajua si rahisi. Baba mdogo asipopata kadi, hiyo ni kesi ya miaka kumi. Lakini baba mdogo aliyepata kadi, akaja na mama mdogo, akasimama ukutani mpaka saa tano bila sahani, hiyo nayo ni kesi, tena yenye mashahidi 300.

Fungu la dharura lisiguswe kuongeza ngazi ya keki. Lipo kwa ajili ya jenereta lililozima, mvua, mtoto aliyekimbizwa hospitali.

MATUMAINI YA GETINI

Mwandaaji wa tamasha la kiingilio hana daftari la ahadi, ila ana ndugu yake: matumaini ya getini. Hesabu yake iko hivi. Uwanja, jukwaa, vyombo, wasanii na matangazo vimefika 12,000,000. Kiingilio ni 10,000. Kila anayeingia anagharimu 2,000 kwa tiketi, ulinzi, vyoo na usafi. Kwa hiyo kila kichwa kinabakiza 8,000, na ili gharama zirudi anahitaji watu 1,500.

Sasa aulize mahali penyewe panachukua watu wangapi kwa usalama. Jibu likiwa 1,200, tamasha lina hasara ya 2,400,000 kabla bango la kwanza halijabandikwa. Aongeze kiingilio, atafute mdhamini, apunguze wasanii au aghairi. Asipoifanya hesabu hii mapema ataifanya saa nne usiku akiwa getini, foleni ndefu mbele yake na mwenye vyombo anadai nyuma yake. Jibu la saa hiyo linajulikana: "Waacheni waingie."

Tiketi ziwe na namba mfululizo, na anayeuza asiwe anayekagua. Mkaguzi abaki na kipande, ili usiku huo huo vipande vilinganishwe na fedha. Njia hiyo ya zamani inazuia wizi na pia inakupa idadi ya watu waliomo ndani, ambayo utaihitaji kuliko fedha zenyewe.

Kwa upande wa kodi, shughuli ya biashara si sawa na harusi ya nyumbani. Anayefanya biashara anapomlipa mkaazi wa Tanzania ada ya huduma, msanii akiwemo, anapaswa kuzuia kodi ya asilimia 5 na kuipeleka TRA. Msanii wa 2,000,000 anapokea 1,900,000 na uthibitisho wa ile 100,000. Mwambieni tangu siku ya kupatana bei, maana ukimwambia akiwa anashuka jukwaani atadhani mmemdhulumu. Kila malipo makubwa yaombewe risiti ya EFD.

FEDHA ZIKO KWENYE SIMU YA NANI?

Mara nyingi michango huingia kwenye laini ya simu ya mweka hazina. Mle mle kuna mshahara wake, ada ya mtoto na deni analodaiwa dukani. Hata akiwa mwaminifu kama kanzu nyeupe, hesabu zimechanganyika. Akipoteza simu, kamati imesimama. Akifariki, Mungu apishe mbali, laini ile ni mali ya marehemu, na michango ya harusi inaingia kwenye mazungumzo ya mirathi.

Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha, na mmoja wao asiwe ndugu wa familia. Kama benki ni mzigo, mitandao ya simu ina akaunti za vikundi, kama M-Koba, ambazo mtu mmoja hawezi kutoa fedha bila wenzake kuridhia. Makato ya kutuma na kutoa yaandikwe kwenye bajeti. Ni madogo madogo, lakini mwisho wa shughuli huwa yamekula bei ya kreti kadhaa za soda.

Kila wiki mweka hazina atoe taarifa ya mistari minne: zilizokuwepo, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Kuna ugumu wa kuomba taarifa hiyo kwa mtu unayemwamkia. Kijana anaanza, "Shikamoo mjomba, tunaomba taarifa ya hazina." Mjomba anajibu, "Marahaba. Kwani mnanitilia shaka?" Kikao kinaangalia sakafu. Dawa yake ni kuandika kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza kabisa, kabla haijachangwa hata senti, kwamba taarifa ni kila Jumapili. Baada ya hapo hakuna anayemhoji mjomba. Ni zamu ya Jumapili tu. Na kama bado anawakunjia uso, semeni ni maagizo ya kijitabu hiki.

Fedha za mchango zikitumiwa kwa mambo binafsi, neno "nilikopa tu, ningerudisha" halitoshi mbele ya sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitambua kosa la wizi unaofanywa na mtu aliyekabidhiwa mali kama wakala.

Orodha za wasiochanga zinazobandikwa kwenye kundi la WhatsApp, zikiwa na majina na namba za simu, hazina adabu, na tangu Mei 2023 mambo ya taarifa za watu yana sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayedaiwa ahadi apigiwe simu.

KARATASI

Wengi hudhani mkataba wa mdomo si mkataba. Ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka watu wenye uwezo wa kisheria wakubaliane kwa hiari yao, kwa malipo halali na kwa jambo halali. Mpishi aliyesema "sawa, nitakuja" kwenye simu ameshajifunga. Ubovu wa mdomo uko kwenye ushahidi: siku ya ugomvi kila mmoja anakumbuka la kwake. Ndiyo maana hata ujumbe wa simu una thamani, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama zinaweza kuupokea. Usifute mazungumzo yenu mpaka shughuli iishe na madeni yaishe.

Karatasi nzuri inaweza kuwa ukurasa mmoja, mradi isitumie maneno matupu. "Mapambo ya kisasa" hayana maana. Andikeni meza ngapi, maua halisi au ya plastiki, rangi zipi, na kama jukwaa la maharusi limo kwenye bei. "Mshereheshaji atakuwepo" nako kuna mtego, maana mmeshamwona akichangamsha harusi ya watu, siku yenu anakuja kijana wake. Andikeni jina la atakayeshika kipaza sauti. Ukumbi: saa ya kuingia kupamba, saa ya kufunga, faini ya kuchelewa, na umeme ukikatika mafuta ya jenereta ni ya nani. Viti na sahani vihesabiwe kwa pamoja vikiletwa na vikirudi, wote wawili wakisaini, kwa sababu bei ya sahani iliyovunjika hupanda sana baada ya kuvunjika.

Malipo yaende kwa awamu: kianzio, sehemu kubwa wiki ya shughuli, na kitu kidogo kibaki mpaka kazi iishe. Kwa mpiga picha, hicho kidogo kisiwe kidogo sana. Kuna maharusi wamepata mtoto wa kwanza kabla hawajapata albamu.

Lipo jambo ambalo kamati hazilijui mpaka zidaiwe. Kamati ya harusi si chombo kilichosajiliwa, kwa hiyo haiwezi kudaiwa mahakamani kwa jina lake. Anayedaiwa ni aliyesaini. Katibu aliyeweka saini yake kwenye mkataba wa ukumbi "kwa niaba ya kamati" anaweza kujikuta peke yake siku fedha zinapopelea, wenzake wote wakiwa wameshatoka kwenye kundi. Kabla ya kusaini, muhtasari wa kikao uonyeshe nani waliamua na nani watabeba upungufu. Tunachopendelea sisi ni mikataba mikubwa isainiwe na wenye shughuli, yaani maharusi au wazazi, na kamati ibaki kuwa wasimamizi.

Andikeni pia itakuwaje shughuli ikiahirishwa. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuzuiwa kwa mikusanyiko kwa siku 30 kwa sababu ya korona. Sheria ya Mikataba inasema jambo likishindikana kufanyika bila kosa la aliyeahidi, mkataba unakufa, na aliyekuwa ameshapokea faida anatakiwa airudishe au afidie. Lakini mpishi aliyeshanunua mchele na mbuzi anasemaje? Na mwenye ukumbi aliyefukuza wateja wengine kwa ajili yenu? Mjadala huo una haki pande zote mbili, na ni rahisi kuumaliza kabla fedha hazijatoka. Kwa mfano: mkiahirisha zaidi ya siku 60 kabla, kianzio kinahamia tarehe mpya; mkiahirisha ndani ya siku 14 kabla, mtoa huduma anabaki na gharama alizoingia akionyesha risiti. Maandishi ya "malipo hayarudishwi" mgongoni mwa risiti si ya mwisho kama yanavyojionyesha, kwani mahakama hutazama fidia inayostahili, si adhabu aliyojiandikia mtu mmoja. Ila kwenda mahakamani kudai laki tatu kunaweza kuzimaliza hizo laki tatu.

NDOA IKIVUNJIKA KABLA YA NDOA

Hili halizungumzwi vikaoni, linaonekana kama kisirani. Hata hivyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelizungumza. Aliyevunjiwa ahadi ya ndoa anaweza kudai fidia ya hasara aliyoipata, na ipo pia haki ya kudai zawadi zilizotolewa kwa matarajio ya ndoa hiyo. Sheria hiyo hiyo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Inashangaza jinsi kamati inavyoweza kukaa vikao kumi kujadili rangi ya vitambaa vya viti, halafu kugundua wiki ya mwisho kwamba taarifa haikupelekwa.

Kilichobaki hewani ni michango. Imetoka kwa watu 150, na harusi haipo. Je, irudi kwa wachangaji, iende kwa familia iliyoingia hasara, au ibaki kwa maharusi? Andikeni sentensi moja kwenye kikao cha kwanza. Njia ya kawaida, na tunaona ni ya haki, ni kulipa kwanza watoa huduma waliokwishaingia gharama, kisha kinachobaki kirudi kwa uwiano wa alichotoa kila mtu.

VIBALI

Harusi ndani ya ukumbi wenye leseni haina safari nyingi za ofisini. Ukitoka nje mambo hubadilika. Turubai la mtaani, hasa linalofunga barabara, lipitie ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, na mara nyingi halmashauri ina fomu na ada yake. Mkusanyiko au maandamano mahali pa umma, Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Msipeleke taarifa saa ya 47. Pelekeni wiki mbili kabla, mkabaki na nakala yenye mhuri.

Tamasha la sanaa lipitie BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na afisa utamaduni wa halmashauri. Muziki wa watu unaopigwa kibiashara una hakimiliki, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya COSOTA. Pombe ikiuzwa, kuna leseni ya vileo ya muda. Kelele nazo zina kanuni tangu 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na spika nane zinazokesha katikati ya nyumba za watu ni kosa hata kama jirani mmemwalika. Kibali kisicho na risiti wala mhuri si kibali. Mtu akiwaambia "nipeni tu, mtafanya", mmenunua neno lake, na usiku wa shughuli anaweza asipokee simu.

MLANGO

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walikufa kwenye disko toto mjini Tabora, ndani ya ukumbi uliojaa kupita kiasi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwenye ibada uwanjani, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walikufa Dar es Salaam katika Uwanja wa Uhuru, walikokwenda kumuaga hayati Rais Magufuli. Usiku wa kuamkia mwaka 2023 huko Kampala, kwenye jengo la Freedom City, watu wasiopungua 9, wengine wakiwa watoto, walikufa baada ya umati kualikwa na mshereheshaji utoke nje kutazama fataki.

Sikukuu, ibada, msiba, mwaka mpya. Hawakuwa watu waliokuja kufanya fujo. Magazeti huandika "mkanyagano", na neno hilo linatupotosha, linatufanya tudhani kuna wakorofi waliokimbia juu ya wenzao. Wengi wanaokufa kwenye msongamano hufa wamesimama. Kifua kikibanwa pande zote hakipati nafasi ya kutanuka, na mtu anakosa pumzi huku miguu yake ikiwa bado chini. Walio nyuma hawaoni. Wanasukuma kidogo tu, kila mmoja, na visukumo hivyo vinajumlishana.

Watu wakizidi wanne au watano kwenye meta moja ya mraba, mtu hachagui tena pa kwenda, umati unambeba. Kipimo cha kienyeji kipo. Kanga moja ikitandazwa ni kama meta 1.5 kwa 1.1. Mkitazama kutoka jukwaani, kadirieni watu wangapi wamesimama kwenye nafasi ya kanga. Wakifika sita, simamisheni geti. Wakifika wanane, mmechelewa na kazi sasa ni kuwapunguza.

Idadi ya watu ukumbini huamuliwa na milango kabla ya sakafu. Ukumbi unaochukua viti 400 ambao mlango wake mmoja ni wa ubao mmoja si ukumbi wa watu 400. Kabla ya kulipa kianzio, nendeni mkahesabu milango, mjaribu kila mmoja kuufungua kwa mkono, mtazame kama unafunguka kwenda nje au unavutwa ndani, na muulize cheti cha ukaguzi cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwenye ukumbi anayekasirikia swali hilo amewajibu. Namba ya zimamoto ni 114.

Sasa turudi kwenye kufuli. Hofu ya wazamiaji ni ya kweli. Lakini mlango unaweza kulindwa na mtu. Kijana mmoja aliyekaa kwenye kiti mlango wa nyuma, amelipwa posho, ameshiba, hajanywa, anazuia wazamiaji sawasawa na kufuli, na akisikia "moto!" anafungua. Andikeni jina lake kwenye ratiba kama mlivyoandika jina la mkata keki. Akienda msalani, mtu mwingine akae. Kama mwenye ukumbi anasisitiza kufuli, basi ufunguo ukae kwenye kitasa upande wa ndani, na huyo kijana pembeni yake. Hauendi saluni.

Mshereheshaji naye ni mlinzi, kwa kuwa ndiye mwenye sauti. Asiwaambie watu wote waende sehemu moja kwa wakati mmoja. Meza ziitwe moja moja kwenda kuchukua chakula. Zawadi zisirushwe kwenye umati. Vitu vya bure visigawiwe mlangoni wakati watu wanatoka, kwa sababu hapo walio nyuma wana haraka na walio mbele wamesimama. Akiona umati unayumba kama mawimbi, au watu wanapandisha watoto mabegani kuwaokoa, ashushe muziki, taa ziwashwe, aseme kwa utulivu. Wa kwanza kurudishwa ni walio nyuma kabisa, maana wao ndio wenye nafasi ya kurudi.

Wewe mwenyewe ukijikuta ndani, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua. Usipigane na wimbi. Likitulia, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka iache.

Shughuli za watoto ziwe mchana, mtu mzima mmoja kwa kundi dogo analolijua kwa majina, na mzazi asikubali kumwacha mtoto getini na kiingilio mkononi.

Mtu akifa kwa sababu mlango ulifungwa au tiketi ziliuzwa kupita kiasi, wenye shughuli wanaweza kukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: kesi ya jinai, hata ya kuua bila kukusudia pale uzembe unapokuwa mkubwa, na madai ya fidia kutoka kwa familia. Kusema "tulimwachia mwenye ukumbi" kutamfanya mwenye ukumbi aseme aliwaachia ninyi.

JIKO, UMEME, MVUA

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto. Pilau iliyoiva saa nane mchana ikaliwa saa nne usiku ni bahati nasibu. Jenereta likae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kumshtua mtu. Mitungi ya gesi isipangwe kwenye njia ya kutokea. Shughuli ya nje kati ya Machi na Mei, au wakati wa vuli, ipangiwe mvua kwa uhakika, si kwa kutazama mawingu asubuhi yake.

BIMA

Ipo bima ya dhima kwa umma, inayolipa mgeni akiumia au mali ya mwenye ukumbi ikiharibika. Harusi ya nyumbani huenda isiihitaji. Tamasha la kiingilio bila bima hiyo ni kamari. Someni inachokataa kulipa, kwa sababu idadi ya watu ikizidi ile mliyoitaja kwenye fomu, kampuni ya bima inaweza kukataa dai. Hakikini bima hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla ya kumwamini wakala.

KUVUNJA KAMATI

Sherehe ya kuvunja kamati imekuwa shughuli nyingine yenye bajeti yake, na mara nyingi hulipwa na salio la michango bila mtu kuuliza. Tunapendekeza utaratibu ugeuzwe: hesabu zisomwe kwanza, nyama choma baadaye. Mweka hazina alete daftari, risiti na taarifa ya akaunti. Wajumbe wawili wasio ndugu wapitie usiku uliotangulia. Madeni yatajwe kwa majina ya wanaodai. Salio, hata likiwa 85,000, liamuliwe kwa kunyoosha mikono na kuandikwa, akaunti ifungwe siku ya kazi inayofuata, na viti, sahani na funguo zote zilizoazimwa ziwe zimerudi kwa wenyewe, ukiwemo ule ambao bado uko kwenye pochi ya shangazi.